Pasi ya risasi ya wati 60, nimeitumia kwenye pedi za gemu

Wakuu mimi nina kibanda cha gemu huku Mikindani, pedi za PS3 zinakufa kila siku maana madogo wanazibonyeza kama wanabangua korosho, afu hii hewa ya bahari inaotesha kutu mpaka kwenye vichuma vya ndani. Nikachoka kupeleka kwa fundi mjini, nikajinunulia pasi ya risasi, ile ya kuchomelea waya kwenye bodi, ya kuzungusha joto nyuzi 200 mpaka 450. Aisee inafaa. Risasi ya 60/40 (bati 60, risasi yenyewe 40) inayeyuka kwenye 190 hivi ila we weka 350, gusa sekunde mbili tatu toa, ukikawia ile njia ya shaba inabanduka kwenye bodi, nishaua pedi mbili kwa staili hiyo. Tatizo ncha, niliyopewa nayo imeliwa ndani ya mwezi na muuzaji aliniapia "hiyo haiharibiki kaka", haya. Chukua za akiba. Bisibisi ya nyota iliyomo kwenye boksi tupa kabisa, inakula vichwa vya skrubu. Testa, kile kimita cha kupimia umeme, ndo sijajutia, waya wa chaji ukikatikia ndani unajua palepale, testa isipolia, basi waya umekufa.