Mashine nzuri, lakini mtandao wa nyumbani kwangu haiuoni

Anayetafuta ukubwa wa kioo na kasi ya prosesa asome kwenye boksi. Mimi nina la waifai, na bado lina moto.

Kompyuta mpakato hii inashika mtandao wa kazini bila shida. Nikiwasha intaneti ya simu, inashika. Mtandao wa nyumbani, ambao simu zote na televisheni zinautumia, haiuoni. Sisemi inakataa nenosiri. Jina lenyewe halimo kwenye orodha! Halafu kuna siku linajitokeza, nafanya kazi hadi usiku, umeme ukikatika na kurudi, halipo tena. Ugonjwa wa kuja na kuondoka unachosha kuliko ugonjwa wa moja kwa moja, kwa sababu ukimpelekea fundi anakuta mashine nzima.

Nilifuta draiva, ile programu inayoendesha kadi ya waifai, nikaiweka upya. Nilizima ule mpangilio unaolaza kadi ya waifai ili kuokoa betri. Wapi.

Nikapigia huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakuniacha nimalize. "Dada, rauta yako mbovu." Nikamwambia kuna simu tatu zinaitumia muda huu tunaoongea. "Mimi nakwambia kwa uzoefu. Fomati mashine, ikigoma nunua rauta nyingine." Nikamwomba anieleze kufomati kutasaidia nini ikiwa mitandao mingine inashika. Akavuta pumzi nikaisikia, akasema, "Sasa unataka nikusaidieje?"

Nikafomati. Mafaili nilikuwa nimeyahamisha, ila programu za kazi nilizirudisha moja moja, siku mbili nzima. Nilipomaliza, jina la mtandao wangu halikuwepo vilevile. Nililia, nasema kweli.

Jibu lilitoka kwenye simu. Niliweka programu ya kupima mawimbi ya waifai, ikanionyesha rauta yangu iko chaneli ya 13, yaani njia ya mawimbi inayorushia mtandao. Kumbe kwenye masafa ya gigahezi 2.4 nchi nyingi zinatumia chaneli 1 hadi 13, lakini Marekani kwa kawaida rauta zinaishia 11, na kadi iliyopangiwa soko la huko inaweza isizitafute kabisa 12 na 13. Rauta yangu ilikuwa imeachwa ijichagulie. Kila umeme ukirudi inachagua upya: ikiangukia 6 naiona, ikiangukia 13 imepotea. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikaifunga kwenye 6. Sijakaa hata kwenye kiti, jina hilo hapo!

Siku ile ningeipa nyota tano. Kibodi laini, betri inadumu, haipigi kelele. Nikawapigia tena, si kwa ugomvi, nikitaka wamwambie na mwingine mwenye shida kama yangu. Wakanijibu, "Si imeshapona, dada?"

Haijapona. Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kwa kaka yangu, na rauta yake iko chaneli ya 12. Ile ya kwake niliomba akanibadilishia. Nyumba ya wageni nitamwomba nani anifungulie rauta? Kwenye draiva nimetafuta pa kubadili nchi, sikupaona. Sasa natembea na kidude cha waifai cha kuchomeka pembeni. Chenyewe kinaona chaneli zote 13, ila kimekalia tundu moja la USB kati ya mawili niliyonayo.

Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, mbili, kwa zile siku mbili za kurudisha programu. Ukiipenda, inunue, ni mashine nzuri, ila kwanza hakikisha kadi yake imepangiwa soko la wapi. Na yule kijana angeniuliza swali moja tu, rauta yako iko chaneli ya ngapi, nisingefomati chochote.