Mwaka Mmoja wa Kozi ya Msingi ya Sayansi za Afya: Tathmini ya Mwanafunzi Aliyeimaliza

Nimemaliza kozi ya msingi ya mwaka mmoja inayowaandaa wanafunzi kuingia katika uuguzi, ukunga, famasia, maabara ya tiba na fiziotherapia, na ninaandika tathmini hii madaftari yangu yote yakiwa mezani. Sitakitaja chuo, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza zilirekebishwa tukiwa bado masomoni, na nyingine zimo mikononi mwa wakufunzi ambao niliwaona wakijitahidi kwa moyo wao wote. Ninachotaka kumpa msomaji ni kipimo cha kuipimia kozi yoyote ya namna hii kabla hajajiandikisha. Kozi niliyosoma ina nguvu kubwa pale inapomtaka mwanafunzi ashike kitu kwa mkono wake au akokotoe jibu kwa kalamu yake mwenyewe, na inadhoofika kila inapomwacha akariri majina tu.

Masomo yamegawanywa katika mihula miwili. Muhula wa kwanza una anatomia na fiziolojia, kemia na istilahi za tiba. Wa pili una mikrobiolojia, vipimo vya mwili na huduma ya kwanza, maadili ya kazi, na mwishoni kabisa hesabu za dawa. Mpangilio huo ndio lalamiko langu kubwa, nami nitaurudia nikifika kwenye hesabu.

Anatomia ilianza vibaya. Tulitumia majuma matano mazima tukikariri mifupa, na mwili wa mtu mzima una mifupa 206, kila mmoja ukiwa na vichomozo, mashimo na vijia vyenye majina yake. Sipingi kujifunza mifupa, maana atakayechoma sindano kwenye msuli wa paja au wa bega hupata mahali salama kwa kupapasa mifupa iliyo karibu, lakini jambo hilo hasa ndilo ambalo hatukuambiwa. Tulipewa orodha, tukafanya jaribio, tukapewa orodha nyingine. Mwanafunzi anayekariri bila kuambiwa jina litamfaa wapi hulisahau mara tu anapokabidhi karatasi ya mtihani, nami sikuwa tofauti na wengine.

Mambo yalibadilika siku tulipopasua moyo wa kondoo. Mkufunzi alituagiza tusikimbilie kisu, tuanze kwa kuubonyeza pande zote mbili kwa vidole. Upande wa kulia ulibonyea kwa urahisi, ilhali wa kushoto ulikuwa mgumu na umeshiba nyama, na tulipoukata tukaona kwamba ukuta wa chemba ya chini ya kushoto ulikuwa mnene mara kadhaa kuliko wa kulia. Ndipo akatuuliza kila upande unasukuma damu kwenda wapi. Wa kulia huisukuma hadi kwenye mapafu tu, yaliyo jirani. Wa kushoto huisukuma mwilini kote, hadi kwenye ubongo na kwenye nyayo. Ndani tuliona nyuzi nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea lakini zisizokatika kwa kuvutwa, zinazoshikilia vali, yaani mlango unaozuia damu kurudi nyuma, ili isipinduke wakati chemba inapokaza. Kuanzia hapo sikuhitaji kukariri njia ya damu, kwa kuwa nilikuwa nimeifuata kwa kidole.

Kipindi cha figo nacho kilifundishwa kwa namna hiyo hiyo, ingawa hapakuwa na kitu cha kushika. Tuliandikiwa ubaoni kwamba figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na kwamba mkojo wa siku nzima kwa kawaida ni lita moja hadi mbili, kisha tukaulizwa: hizo nyingine zimekwenda wapi? Darasa lilijadiliana kwa karibu nusu saa kabla mtu hajasema kwamba lazima zinarudishwa kwenye damu. Jibu hilo moja lilitufungulia mlango wa kuelewa kwa nini dawa za kukojosha hupunguza maji mwilini, kwa nini mtu aliyeharisha sana hukojoa kidogo na mkojo wake ukawa wa rangi iliyokolea, na kwa nini sukari huonekana kwenye mkojo inapozidi uwezo wa figo kuirudisha. Laiti somo zima lingefundishwa kwa maswali ya aina hiyo.

Kuhusu kemia sina mengi. Ilifundishwa kwa usahihi na kwa haraka, na sehemu iliyonifaa zaidi ni ile ya asidi na besi, kwa kuwa hapo ndipo nilipoelewa kwamba pH (kipimo cha asidi na besi) ya damu ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) haina budi kukaa kati ya 7.35 na 7.45, na kwamba mapafu na figo hushirikiana usiku na mchana kuilinda isitoke nje ya mipaka hiyo finyu.

Mikrobiolojia ilipewa saa za kutosha za maabara, na kwa hilo chuo kinastahili pongezi. Mbinu ya kupaka bakteria rangi ili kuwatofautisha, aliyoivumbua daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka 1884, tuliifanya kila mwanafunzi na slaidi yake: rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha alkoholi ya kuosha, na mwisho safranini nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki na zambarau, na wenye ukuta mwembamba huoshwa kisha wakachukua wekundu. Mwenzangu wa meza aliiacha alkoholi kwa muda mrefu mno, na bakteria ambao walipaswa kuwa zambarau wakatoka wekundu chini ya hadubini. Mkufunzi hakuitupa slaidi ile. Aliiweka kando ya nyingine na kutuita wote tulinganishe, akatuambia kwamba jibu la namna hiyo likifika kwa daktari linaweza kumfanya achague dawa isiyofaa. Ninaamini hakuna aliyekuwepo ambaye tangu siku ile amewahi kumimina alkoholi bila kuangalia saa.

Katika somo hilo hilo tulifundishwa habari za daktari Ignaz Semmelweis, ambaye mwaka 1847 aliwaagiza madaktari na wanafunzi wa wodi ya uzazi huko Vienna wanawe mikono kwa maji yenye klorini baada ya kutoka kwenye chumba cha kupasulia maiti, na vifo vya akina mama waliojifungua vikapungua sana. Wengi wa wakubwa wake hawakumkubali, kwa kuwa elimu ya vijidudu ilikuwa bado haijathibitishwa. Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kwenye nyakati tano za kunawa mikono zinazohimizwa na Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribia majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Wakati wa tano husahauliwa kwa urahisi, na mkufunzi alitupima kwa kutuagiza turekebishe shuka bila kumgusa aliyelala kitandani. Wengi wetu tuliondoka bila kunawa.

Nije sasa kwenye hesabu za dawa, somo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalobeba kozi yote. Limepewa majuma matatu ya mwisho, wakati kila mtu amechoka na anawazia mitihani. Mwanafunzi hukutana na maswali kama haya: mtoto ana uzito wa kilo 18, ameandikiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa iliyopo ni ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5; apewe mililita ngapi? Dozi ni miligramu 270, nayo ni mililita 11.25. Mmoja wetu aliandika 112.5. Mkufunzi hakumkaripia, bali alimpa kijiko cha mililita 5, jagi la maji na glasi, akamwomba apime mbele yetu dozi aliyoiandika. Alimimina vijiko 22 na nusu, tukihesabu naye pamoja, na kadiri glasi ilivyokuwa ikijaa ndivyo chumba kilivyozidi kuwa kimya. Kisha akapima dozi sahihi, vijiko viwili na robo. Nukta moja ya desimali ilikuwa imezidisha dawa mara kumi.

Baada ya somo hilo tulipewa kanuni ambazo nadhani zingefaa kubandikwa ukutani tangu siku ya kwanza. Nusu miligramu iandikwe 0.5, kamwe isiandikwe bila sifuri ya mbele, kwa kuwa nukta ikififia husomwa 5; miligramu tano ziandikwe 5, wala si 5.0, kwa kuwa nukta ikififia husomwa 50. Na neno mikrogramu liandikwe lote, kwa kuwa kifupisho chake kikiandikwa kwa mkono hufanana na cha miligramu, ambayo ni kubwa mara elfu moja. Tulifanya pia hesabu ya dripu: mililita 1,000 kwa saa nane, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita, ni takriban matone 42 kwa dakika. Tulisimama kando ya mfuko, tukahesabu matone kwa saa ya mkononi na kurekebisha kidhibiti hadi tukaipata idadi hiyo. Zoezi hilo tulilifanya mara moja tu, nalo lingestahili kufanywa kila juma kwa mwaka mzima.

Mazoezi ya vipimo vya mwili yalikuwa mazuri, japo vifaa vilikuwa vichache. Tulijifunza kwamba mkanda wa shinikizo la damu ulio mdogo kuliko mkono wa mgonjwa hutoa kipimo cha juu kuliko ukweli, na kwamba mgonjwa hapaswi kuzungumza wala kukunja nne wakati anapimwa. Katika ukandamizaji wa kifua tulifanya kazi kwenye sanamu la mazoezi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, tukikiachia kifua kirudi juu chote kabla ya kukandamiza tena. Sanamu lilikuwa moja kwa wanafunzi zaidi ya thelathini, na wengine walipata dakika mbili tu.

Somo la istilahi nililidharau mwanzoni, kisha nikalipenda. Mtu akishajua kwamba *hepat-* ni ini na *-itis* ni hali ya kiungo kuvimba na kuwaka, hatahitaji kuulizia maana ya hepatitisi. Sisi tulizoea kuuita ugonjwa huo homa ya ini, jina linalomfanya mtu atafute homa, na mkufunzi alitukumbusha kwamba mgonjwa anaweza kuwa nao bila homa yoyote. Alitutaka kila neno tulilojifunza tuweze pia kulieleza kwa maneno ambayo mgonjwa angeyaelewa, na jibu lisilo na maelezo hayo lilipata nusu ya alama.

Upande wa mtandaoni ndio dhaifu kuliko wote. Majaribio ni ya kuchagua jibu na yanaruhusiwa kurudiwa bila kikomo, kwa hiyo mwenye subira hupata alama zote bila kuelewa chochote. Mchoro wa moyo haukuwa na maelezo kwamba upande wa kushoto wa mgonjwa huonekana kulia kwa mtazamaji, na baadhi yetu tuliingia maabara tukiwa tumeigeuza mioyo kichwani. Tuliporipoti, maelezo yaliongezwa siku ya pili yake.

Ningemshauri anayetafuta kozi kama hii aombe ratiba ya juma kwa juma kabla ya kujisajili, ahesabu saa za maabara, aulize vifaa vya mazoezi ni vingapi kwa wanafunzi wangapi, kisha atazame hesabu za dawa zimewekwa wapi. Katika fomu ya tathmini ya chuo niliomba zianze juma la tatu na ziendelee hadi mwisho, na majuma mawili yaondolewe kwenye mifupa ili kuzipisha. Mkuu wa idara alinijibu kwamba kundi lijalo litaanza hesabu katika muhula wa kwanza, na kwamba kijiko, jagi na glasi vitakuwepo tangu somo la kwanza.