Makala mpya au kuhuisha za zamani: ipi iilishe tovuti yako?

Tovuti ya wakala wa safari wa Dar es Salaam ikiwa na makala 10 tu, andika mpya. Hakuna cha kuhuisha.

Ikishafika 80, kuhuisha kunalipa haraka zaidi, kwa sababu ukurasa wa zamani tayari Google inaujua na pengine tovuti nyingine zimeuwekea viungo. Chukua makala ya 2022 ya namna ya kwenda Morogoro: inataja mabasi tu, ilhali treni ya SGR ilianza kubeba abiria Juni 2024. Msomaji akiikuta hivyo, hataamini hata zile zilizo sahihi. Fungua Search Console (zana ya Google inayoonyesha mibofyo ya kila ukurasa), linganisha miezi 3 iliyopita na miezi ileile ya mwaka jana, kisha anza na kurasa zilizopoteza mibofyo. Rekebisha nauli, ratiba, picha na viungo vilivyokufa. Anwani ya ukurasa usiiguse; ukiibadilisha bila kuielekeza upya kwa 301 (agizo la kudumu linalompeleka msomaji kwenye anwani mpya), wanaofuata kiungo cha zamani wataangukia kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Na kubadili tarehe peke yake, maneno yakibaki yaleyale, ni kumdanganya msomaji.

Makala mpya ina nafasi yake pale wateja wanapouliza jambo ambalo tovuti haina. Maswali hayo yamejaa kwenye WhatsApp ya ofisi. Yakusanye kila Ijumaa. Ila usiandike ya pili juu ya mada ileile: kurasa mbili zitagombania nafasi moja kwenye matokeo ya Google na zote zinaweza kushuka. Kama tayari unazo mbili, ziunganishe ziwe moja.

Kama mwandishi ni mmoja, huisha 3 kwa kila mpya 1.