Matone ya kituoni au siropu ya dukani?

Mtoto akikataa uji, wengi hukimbilia maduka ya dawa ya Darajani kununua siropu ya vitamini. Hiyo ni ya kila siku, mchanganyiko, na chupa ikiisha utoe pesa tena. Matone ya kituo cha afya ni vitamini A peke yake: kapsuli hukatwa ncha ikakamuliwa mdomoni. Ya buluu, yuniti 100,000, ni ya miezi 6 hadi 11. Nyekundu, 200,000, ya mwaka 1 hadi kabla ya 5. Hurudiwa kila miezi 4 hadi 6, kwani ini huiweka akiba.

Mimi naanza na kituo. Ukitaka siropu pia, mwoneshe daktari chupa kwanza. Vitamini A ikizidi hudhuru. Na siropu iweke juu mtoto asiifikie, ni tamu mno hiyo!