Kuhesabu ukijua na kuhesabu bila kujua: maabara ya Benveniste, 1988

Juni 1988 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Jacques Benveniste, mtaalamu wa kinga ya mwili wa Clamart karibu na Paris. Alidai kwamba kingamwili (protini za kinga ya mwili) zilizozimuliwa kwa mtindo wa homeopathia, tiba mbadala inayozimua dawa mara nyingi mno, hadi isitarajiwe kubaki hata molekuli moja, bado ziliamsha basofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Mwezi uliofuata mhariri wa jarida hilo, John Maddox, alifika maabarani pamoja na James Randi, mwanamazingaombwe, na Walter Stewart, mchunguzi wa udanganyifu wa kisayansi.

Anayehesabu chembe alipojua mrija upi una dawa (yaani kingamwili hizo zilizozimuliwa) na upi una maji, matokeo yalipendeza.

Kisha mirija ikapewa namba za siri, na orodha ya namba hizo ikafungwa ndani ya bahasha iliyobandikwa darini. Ilipofunguliwa, dawa na maji havikutofautiana. Simtuhumu yeyote udanganyifu. Basofili ni chache mno katika damu, kuzihesabu kwa hadubini ni kazi ya macho, na jicho huelekea kuona linachotarajia. Kwa hiyo mimi naiamini njia hii ya pili, ingawa inachosha. Benveniste aliipinga vikali ripoti ya wageni wake.