Karakana iliyochoma fremu yangu ya titani

Naandika nikiwa na hasira, na huenda ingefaa ningoje zipoe, lakini nimengoja tangu masika na hazijapoa. Mwenye baiskeli ya fremu ya titani asiipeleke kwenye karakana ile ya upande wa Ilala. Nitaeleza sababu, na nitajitahidi kutomnyima fundi haki yake pale alipofanya vizuri, kwa kuwa yapo aliyoyafanya vizuri sana.

Fremu yenyewe niliipata Msasani kwa mgeni aliyekuwa akifungasha kurejea kwao. Ni baiskeli ya milimani ya miaka ya 1990, haikupakwa rangi, na ilikuwa imeegemezwa miaka mingi kwenye ukuta wa baraza inayotazama bahari. Cheni ilikuwa donge la kutu na waya za breki zilikatika mkononi, ila fremu, nilipoifuta kwa kitambaa, ilitoka ya kijivu na safi kabisa, kwa maana titani haili kutu hata ikipigwa na upepo wa chumvi. Nilitaka iwe baiskeli ya mizunguko: kikapu mbele, karia nyuma, madigadi na matairi yasiyo na meno, niende nayo soko la Kisutu asubuhi na kuvuka nayo Kigamboni siku za mapumziko. Magurudumu yake ni ya inchi 26, saizi ambayo tairi na tyubu zake hazikosekani Kariakoo.

Kikwazo kilikuwa bomba la kiti. Mwenye baiskeli alikuwa mrefu, mimi miguu yangu haikufika kwenye pedali, na bomba lilikuwa limegoma kushuka wala kupanda. Bomba hilo lilikuwa la alumini ndani ya fremu ya titani, na metali hizo mbili zikikutanishwa na unyevu wa chumvi bila grisi katikati, alumini ndiyo huliwa. Ule unga mweupe unaotokana nayo huvimba na kulibana bomba kama limemiminiwa saruji. Hayo nilikuwa nimeyasoma kabla sijaenda Ilala, na pia nilikuwa nimesoma kwamba moto haufai hapo. Alumini ikipata joto hutanuka zaidi ya mara 2 ya titani, kwa hiyo kulipasha moto bomba lililo ndani ni kulikaza zaidi. Kinachosaidia ni baridi. Tena titani ikichomwa moto mkali hewani hufyonza oksijeni, ikakakamaa na kuwa nyepesi kuvunjika, ndiyo maana wanaoiunga huikinga kwa gesi ya agoni ndani na nje.

Nilimweleza fundi kijana, kwa upole, tena mbele ya wenzake. Nilimwambia, "Fundi, tafadhali usitumie moto. Kama lazima, tujaribu barafu, nitaileta mwenyewe kutoka Feri." Hakuinua hata uso. Alinijibu, "Mama, barafu ni ya samaki. Chuma dawa yake moto. Niachie mimi, nenda kapumzike." Wenzake wakacheka. Nami, kwa kosa ambalo bado linaniuma, nikaenda.

Niliporudi jioni, bomba lilikuwa palepale, na shingo ya fremu, pale linapoingilia bomba, ilikuwa imezungukwa na pete ya buluu na zambarau yenye upana wa vidole viwili. Hakuna aliyesema pole. Kilichonitoa machozi njiani si pete ile peke yake. Kwenye karatasi ya malipo, chini ya bei ya kazi, waliandika "gesi", wakanitoza shilingi elfu ishirini za moto niliowakataza.

Haki yake sasa. Kijana huyohuyo alinifungia magurudumu mawili, akaunganisha haba za kale, yaani vitovu vya magurudumu, na ringi mpya, spoki moja baada ya nyingine, akizigusa kwa kucha na kusikiliza mlio wake. Magurudumu yale yamepita kwenye mashimo ya mjini kwa miezi kadhaa na hayajayumba hata unywele. Sijawahi kupata kazi ya mkono nzuri kuliko ile, na nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba karakana hii ni ya kwendwa kwa magurudumu na kuepukwa kwa mengine. Lakini nikiikumbuka karatasi ile naona hata hilo ni sifa wasiyostahili. Mtu anayejua kuisikiliza spoki alishindwaje kumsikiliza mwenye baiskeli?

Bomba nililitoa mwenyewe. Barafu ya Feri nilijaribu siku nzima, na sitasema uongo, haikutosha. Hatimaye nilinunua kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni, nikaipindua fremu uani, nikaziba chini na kuimimina ndani nikiwa nimevaa glavu na miwani, mbali na watoto. Kostiki huiyeyusha alumini na kuiacha titani. Ilitoa povu na mvuke, nikabadilisha maji mara kwa mara, na siku ya tatu vipande vya mwisho vikatoka vyembamba kama karatasi.

Sasa baiskeli inakwenda. Asubuhi ya kwanza nilipoiingiza kwenye pantoni, nyepesi, kimya, kikapu kikiwa na mchicha na nazi, nilifurahi kiasi kwamba nilikuwa tayari kuwasamehe wote. Kisha nikainama kuishika isianguke, nikaiona ile pete. Kila wiki huipitishia kucha kutafuta ufa. Hadi leo hakuna.

Spoki ikilegea, nadhani nitampelekea kijana yule, maana sijaona anayemfikia. Nitachomoa gurudumu nyumbani na kwenda nalo mkononi kwenye daladala. Fremu hataigusa.