Krenki ya mtumba ya 3L, duka la Gerezani

Wakuu, mwenye Hiace au Hilux ya 3L (injini ya dizeli ya Toyota) iliyogonga metali, yaani vile vibati krenki inavyozungukia, mpaka krenki yenyewe, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ikaliwa, kuna duka Gerezani Kariakoo wanauza krenki za mtumba za Japani, mi nimechukua hapo na nimeridhika. Kikubwa wanakuacha upime. Fundi wangu alitoa maikromita akapima zile sehemu zinapokaa metali, moja moja, pale pale kaunta na hakuna aliyenuna, akapitisha na kucha haikukwama popote, zote bado saizi ya kiwanda. Maana ikishasagwa kupunguzwa milimita 0.25 au 0.50 lazima na metali ununue za saizi hiyo hiyo, ukichanganya oil presha utaisikia kwa jirani.

Dogo wa dukani alianza kutupa ya 2L, injini ndogo kidogo ya ukoo huo huo, eti "kaka hizi zinafanana", boss wake akamkatiza hapo hapo. Kwa macho kweli zinafanana ila stroku, yaani safari ya pistoni toka chini mpaka juu, ya 2L ni milimita 92 na 3L ni 96, ukiifunga ya 2L kwenye 3L pistoni haifiki juu inapotakiwa, kompresheni inashuka na dizeli bila kompresheni haiwaki, utalaumu pampu bure.

Kasoro, hawana kifaa cha kuangalia kama imepinda, hiyo mpaka uipeleke kwa wanaosaga krenki, na risiti usipoidai hupewi. Dai, tena waandike kabisa kwamba ikikutwa imepinda unarudisha, mi waliniandikia bila ubishi. Matundu ya oil yalikuwa yamejaa masizi, zibueni kabla ya kufunga.